Dada yake anaitwa Zuhura. Huyu anayekuja nimwite Kilimia?

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja na wa pili yuko njiani. Ninaishi Umoja, hapa Nairobi, na mume wangu. Mimi ni Mtaita wa Wundanyi, yeye ni Mkikuyu wa Murang'a. Nakuandikia kwa sababu jina la mtoto limekuwa mjadala wa kila jioni nyumbani kwetu, na nahofia tusipolimaliza sasa tutalimalizia wodini, mbele ya muuguzi mwenye fomu mkononi, mimi nimechoka na kila mtu ana haraka.

Binti yetu wa kwanza ni Zuhura Wanjiku. Wanjiku ni jina la mama mkwe, na hilo halikuwa na ubishi: kwa Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, wa pili la nyanya mzaa mama. Skani imeonyesha kuwa huyu pia ni msichana, kwa hiyo jina lake la pili lipo tayari. Ataitwa Mghoi, jina la mamangu. Mama alipoambiwa kwa simu alinyamaza kwanza, kisha akaomba nimpe mume wangu simu amshukuru mwenyewe. Hapo sina swali. Swali langu ni la jina la kwanza, lile atakaloitwa na walimu, majirani na watoto wenzake maisha yake yote.

Mume wangu anataka Zuri. Anasema Zuhura na Zuri yanaanza pamoja, ni mepesi kutamka, na hakuna atakayeyakosea. Simlaumu, maana ni jina linalopendeza. Lakini limeenea mno. Darasani kwa Zuhura, gredi ya kwanza, wapo Zuri wawili, na mwalimu huwatofautisha kwa mahali wanapokaa: Zuri wa dirishani na Zuri wa mlangoni. Tena kuna jambo linalonisumbua kuliko hilo. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu, na watoto wanacheza chini karibu na geti. Jioni ukiita kutoka juu, pikipiki zikipita na muuza mahindi akipiga kelele zake, kinachofika chini ni "Zu!" peke yake. Watageuka wote wawili. Na yule mdogo atakua akiona jina lake ni kipande cha jina la dada yake. Sitaki mtoto aanze maisha akiwa kipande cha mwenzake.

Najua familia nyingi za hapa mjini ambazo watoto wote wanaanza na herufi moja, na wenyewe wanafurahia. Mimi natafuta kitu kingine. Jirani yetu wa mlango unaofuata ni Mluo. Ana mapacha, Apiyo na Adongo, na aliyezaliwa baada yao ni Akello, kama ilivyo desturi yao. Ukiyasikia majina hayo matatu unajua nani alitangulia na nani alifuata hata kabla hujawaona watoto, na bado kila mmoja ana sauti yake. Majina yanajuana bila kuigana. Hivyo ndivyo ninavyotaka ya wanangu yawe.

Sasa, shangazi, nikueleze Zuhura alipata vipi jina lake, kwa kuwa hapo ndipo yote yalipoanzia.

Alizaliwa wiki ya kwanza ya Aprili 2020. Utakumbuka hali ilivyokuwa. Kafyu ilikuwa imeanza tarehe 27 Machi, saa moja jioni kila mtu awe ndani, na tarehe 6 Aprili wakafunga Nairobi, hakuna kuingia wala kutoka. Mama mkwe akabaki Murang'a, mamangu akabaki Wundanyi, na hakuna aliyemwona mtoto mpaka njia zilipofunguliwa mwezi wa Julai. Siku za mwisho za ujauzito nilikuwa silali. Jioni mume wangu alikuwa akinipandisha juu ya jengo, pale tunapoanika nguo, nipate hewa. Mji ulikuwa kimya, hakuna matatu hata moja barabarani, na upande wa magharibi sayari ya Zuhura, ile nyota ya jioni, iling'aa kuliko nyota yoyote angani. Tukakubaliana palepale kwamba akiwa msichana ndilo jina lake.

Kulikuwa na mzee mmoja mpangaji wa ghorofa ya chini, mtu wa Lamu aliyekuwa baharia zamani. Naye alipenda kupanda juu jioni. Akatuonyesha vinyota vidogo vilivyosongamana karibu kabisa na Zuhura, akasema, "Hicho ni Kilimia, mwanangu. Mkulima hukitazama, na nahodha hukitazama." Akatutajia ule usemi wa wazee, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Jioni ya tarehe 3 Aprili, Zuhura ilikuwa imeingia katikati ya vinyota vile. Mimi nilidhani ni jambo la kila mwaka. Baadaye nikasoma kwamba Zuhura hupita ndani ya Kilimia namna hiyo kila baada ya miaka 8, mwezi wa Aprili, kwa kuwa Dunia ikilizunguka jua mara 8, Zuhura hulizunguka karibu mara 13, kisha zinarudi takriban palepale zilipokuwa. Ilitokea 2012, ikatokea 2020, na itatokea tena 2028. Wakati huo binti yangu atakuwa anatimiza miaka 8, na huyu mdogo atakuwa anatembea.

Basi tangu nilipojua nina mimba ya msichana, jina limenikaa moyoni: Kilimia. Anatarajiwa mwezi wa Novemba, na Novemba ndio mwezi ambao Kilimia huchomoza mashariki jua linapotua na kukaa angani usiku kucha, mawingu ya vuli yakiruhusu. Zuhura na Kilimia. Ukiyaita kwa sauti hayagongani hata kidogo. Dada ni nyota moja kubwa, mdogo ni nyota nyingi ndogo pamoja, na hakuna aliye kivuli cha mwenzake. Mimi naona majina haya yalipangwa jirani kabla hata sijaolewa.

Mume wangu hakatai kwa ukali, ila ana hoja, na nyingine zina uzito. Alichukua bili ya maji akaandika nyuma yake majina yote tuliyowahi kuyataja, akayapitia moja moja kwa kalamu nyekundu. Kwenye Kilimia hakukata, aliandika maswali. La kwanza, watu watasikia Kilimani, ule mtaa wa hapa Nairobi. Nimejaribu mwenyewe: nilimtajia mama wa kibandani ninayenunua mboga kwake, akaniuliza kama tunahamia huko. La pili, hapa Kenya jina linaloanza na Ki watu hudhani ni la mvulana. Kimani, Kioko, Kilonzo, na Wakalenjin ndio kabisa, Kibet ni mvulana na Chebet ni msichana. Anaona mtoto atakuwa akisahihisha watu katika kila ofisi atakayoingia. La tatu ni la watoto wenyewe shuleni. Wataanza na kilimo, waende kwenye jembe, wafike Kilimanjaro. Hilo silichukulii wepesi, kwa maana nimeona Zuhura akirudi analia kwa sababu ya viatu tu, sembuse jina.

Halafu kuna mama mkwe. Huyu ni mtu ninayempenda, na kilio chake nakielewa. Jina Zuhura lilipatikana yeye akiwa amefungiwa Murang'a, na alipofika na kulisikia aliniuliza taratibu, "Mama Shiku, hili si jina la Kiislamu?" Mpaka leo hamwiti Zuhura. Humwita Shiku, kifupi cha Wanjiku, na mtoto anaitika bila tatizo. Kwenye ubatizo katekista alituambia Zuhura haliwezi kuingia peke yake, ni lazima jina la mtakatifu, tukaongeza Maria kwenye cheti cha ubatizo. Baadaye nikaja kujua kwamba sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inawataka wazazi, wasimamizi na paroko wahakikishe tu kwamba jina si geni kwa moyo wa Kikristo. Haidai jina la mtakatifu. Sikulirudia jambo hilo, mtoto alikwisha kubatizwa.

Safari hii mama mkwe ametangulia kutuma ombi lake: Ruth. Nami nikaona nimjibu kwa njia anayoiheshimu. Kilimia kimo katika Biblia ya Kiswahili. Kimo katika Ayubu 9:9 na 38:31, na katika Amosi 5:8, mahali Mungu anapotajwa kuwa ndiye aliyekifanya. Alipotutembelea mwezi uliopita nilimfungulia. Akavaa miwani, akasoma polepole huku kidole kikifuata mstari, akanyamaza. Kisha akafunga Biblia akasema, "Ayubu ni yule wa majipu. Utampa mtoto jina kutoka kwa kilio cha mtu?" Nilikosa la kumwambia. Nilitaka kusema kwamba mistari ile inazungumzia uwezo wa Mungu, sio majipu, lakini nilimwona anaogopa kweli, kama anavyoogopa mtu aliyezika watoto wawili zamani. Kwa hiyo nikanyamaza, nikamwekea chai.

Ipo njia ya katikati ambayo nimeifikiria. Thuraya ni jina la kundi lilelile la nyota kwa Kiarabu, na Pwani wapo wanawake wanaoitwa hivyo. Linakaa vizuri sana na Zuhura, yanatoka nyumba moja. Hakuna atakayedhani ni mvulana, wala hakuna atakayesikia Kilimani. Ila mama mkwe ataona nimemrudishia jeraha lilelile. Nyota lenyewe nimeliacha, kwa sababu litasikika kana kwamba Zuhura siyo nyota. Nuru pia tulilifikiria. Ni jina safi, halina adui, na huenda ndilo tutakaloangukia tukichoka. Lakini nikilitamka sioni mtoto, naona tu kwamba tumeelewana.

Zuhura mwenyewe nilimuuliza. Huwa analaza shavu kwenye tumbo langu na kuzungumza na mdogo wake. Nilimtajia Zuri, Nuru, Thuraya na Kilimia. Akayarudia yote, akauliza, "Kuna la kwake ambalo halitafanana na la mtu darasani?" Halafu akaanza kumwita Kili. Sijamwambia aache, wala sijamwambia aendelee.

Shangazi, naomba unishauri, na wasomaji wenye uzoefu pia wanisaidie.

Je, jina ambalo halijazoeleka kabisa ni zawadi kwa mtoto, au ni mzigo tunaomtwika kwa sababu sisi wazazi tunalipenda? Nauliza hasa kwa hapa Nairobi, ambako mtoto atajitambulisha kwa watu wa kila kabila na kila dini.

La pili ni kuhusu mama mkwe. Nimngoje akubali, au mume wangu ndiye aende Murang'a akazungumze na mama yake peke yao? Mimi naona ni afadhali aende yeye. Yeye anasema nikienda mimi na Biblia tena ndiyo itakuwa heshima. Tumekwama hapo. Nimependekeza Ruth liwe jina la ubatizo, kama Maria lilivyo kwa Zuhura, ili watoto wawe sawa. Sijui kama mama mkwe ataliona kuwa ni heshima au ni kutupiwa makombo.

Na la tatu ni la karatasi. Sheria yetu ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, inataka mtoto asajiliwe ndani ya miezi 6, lakini inampa mzazi miaka 2 baada ya usajili kuandikisha jina kama halikuwepo, au kama limebadilika. Kuna aliyewahi kusajili mtoto bila jina kwanza? Dada mmoja wa kliniki ananiambia nisithubutu, kwamba nitapanda na kushuka ngazi za ofisi mpaka mtoto aanze shule. Mume wangu anaona tusajili Nuru Mghoi kwanza, tumwangalie mtoto usoni mwaka mzima, kisha tubadilishe tukitaka. Moyo wangu unakataa kumpa mtoto jina la kungojea.

Nimeandikiwa wiki ya pili ya Novemba. Tafadhali nijibu kabla ya hapo. Na kama yupo msomaji anayemfahamu mtu yeyote aitwaye Kilimia, mtoto au mtu mzima, anieleze amekua vipi na jina hilo, na kama aliwahi kuwaomba wazazi wake wamwite kwa jina jingine.

Mama Zuhura,
Umoja, Nairobi