Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: ruzuku ya mabasi ya umeme ianzie ardhini

Kwa Waziri wa Fedha na Mipango ya Kiuchumi,
Jengo la Hazina,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

KUH: RUZUKU YA UMMA KWA VITUO VYA KUCHAJIA MABASI YA UMEME

Sisi tunaokuandikia ni wahandisi na mafundi wa umeme tunaobuni, kufunga na kukarabati vituo vya kuchajia mabasi jijini Nairobi. Tunaomba serikali itenge ruzuku kwa vituo hivi. Tunaomba pia, na hili ndilo lililotusukuma kuandika hadharani, kwamba fedha hizo zilipie laini ya umeme, transfoma, mitaro na misingi kabla ya kulipia kitu kingine chochote.

Mabasi yenyewe yamekwisha kufungua njia. Tangu kampuni ya BasiGo ilipoleta mabasi mawili ya majaribio Machi 2022, sacco za matatu zimeona kwa macho yao kwamba basi la umeme hubeba abiria kutwa nzima na kurudi. Sheria ya Fedha ya 2023 iliyaondolea mabasi ya umeme mzigo wa kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Umeme wetu sehemu kubwa unatokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo, na usiku wa manane, mahitaji yanaposhuka, mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani kwa kukosa mnunuzi wa umeme wake. Basi huchajiwa saa hizo hizo. Kinachokosekana ni waya mnene wa kutosha kutoka kwenye laini ya Kenya Power hadi mahali basi linapolala.

Waya huo haupati mkopo, na sababu yake ni nyepesi kueleweka. Basi ni dhamana: mwenye deni akishindwa, benki hulikamata na kuliuza. Chaja nayo inaweza kufunguliwa boliti na kuhamishwa. Lakini transfoma na laini ya volti 11,000 vikishafungwa huwa mali ya kampuni ya umeme, hata kama mteja ndiye aliyelipa. Mtaro hauhamishiki. Tena sacco nyingi hazina kiwanja chao. Matatu hulala kwenye yadi za vituo vya mafuta au viwanja vya kukodi mwishoni mwa ruti, karibu na wanakoishi madereva. Hakuna benki itakayokopesha mtu mamilioni ayafukie chini ya ardhi ya mtu mwingine. Isitoshe, gharama hii huja yote kwa mpigo kabla ya basi la kwanza kutoka, ilhali mabasi hununuliwa mawili leo, matatu mwakani.

Chukua kituo cha mabasi 20 ya abiria 25 hadi 36. Basi moja likienda kilomita 200 kwa siku hutumia takriban uniti (kilowati-saa) 140. Ukiongeza zinazopotea kwenye chaja na kwenye betri, mita itasoma kama 155. Mabasi 20 ni uniti 3,100 kila usiku. Mengi hurudi kati ya saa tatu na saa tano usiku na huanza kutoka saa kumi na nusu alfajiri. Bei nafuu ya umeme huanza saa nne usiku. Kwa hiyo muda halisi wa kazi ni saa sita na nusu.

Hapa ndipo kituo hufa au hupona, kwenye karatasi, kabla hata mtu hajashika sururu. Mbuni mvivu hufunga chaja 20 za kilowati 60 kila moja, ajumlishe kilowati 1,200, aagize transfoma ya kVA 1,500 (kVA ni kipimo cha mzigo ambao transfoma inaweza kubeba). Mbuni makini hufunga chaja 10 za kilowati 60 zenye mikono miwili ya kuchomeka, ili kila basi lichomekwe mara tu linapoegeshwa na asihitajike mtu wa kuamka saa nane usiku kuhamisha magari. Kisha huweka programu ya kugawa mzigo inayozuia jumla isivuke kilowati 540. Kwa saa sita na nusu hizo ni uniti 3,510, zinatosha na kubakiza. Transfoma ya kVA 630 inabeba mzigo huo, pamoja na taa na mashine ya kuoshea, hata baada ya kukata kidogo kwa sababu ya mwinuko wa Nairobi, ambako hewa nyepesi haipoozi mitambo kama ilivyo pwani. Tofauti kati ya michoro hiyo miwili ni transfoma yenye ukubwa zaidi ya maradufu, nyaya nene zaidi na swichi kubwa zaidi, kwa mabasi yale yale. Ruzuku isiyouliza swali hili itanunua shaba isiyofanya kazi.

Hata mchoro mzuri una mpaka wake, na ni haki uujue. Akiba iliyobaki hapo ni uniti 410, yaani kama dakika 45 za kuchaji. Umeme ukikatika zaidi ya hapo, mabasi ya mwisho yataondoka bila kujaa. Ndiyo maana programu lazima ijue ratiba: basi la saa kumi na nusu lianze, la saa moja asubuhi lingoje. Panapowezekana, kituo kilishwe na laini mbili za volti 11,000 zenye swichi ya kuhamisha, jambo ambalo Kenya Power pekee ndiyo inaweza kulipanga.

Wapo watakaosema kituo kianze na umeme mdogo, betri zijazwe hadi asilimia 80 na maisha yaendelee. Betri za mabasi mengi tunayohudumia ni za chuma na fosfati. Volti yake hubaki karibu ile ile kutoka asilimia 90 hadi 20, kwa hiyo kompyuta ya basi haiwezi kujua kiasi kilichobaki isipokuwa betri ifike juu kabisa mara kwa mara, angalau mara moja kwa wiki, seli zisawazishwe na hesabu ianze upya. Zisipofika, kipimo huanza kudanganya: dashibodi inaonyesha asilimia 25, basi linazima Thika Road likiwa na abiria. Dereva atalaumu basi. Kosa liko kwenye transfoma ndogo.

Sasa bei. Jedwali la umeme lililoanza Aprili 2023 lilileta kundi la vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa za usiku, kabla ya tozo na kodi. Tulishukuru. Lakini kundi hilo liliwekewa kikomo cha uniti 15,000 kwa mwezi. Basi moja linalotumia uniti 155 kwa siku 26 linakula 4,030. Basi la nne likiingia, kituo kimevuka. Kituo cha mabasi 20 kinatumia uniti 80,600, kwa hiyo kinatupwa kwenye kundi la viwanda, ambako juu ya uniti hutozwa pia kila kVA ya kilele cha mwezi, yaani mzigo mkubwa kuliko wote uliofikiwa mwezi huo. Huko, usiku mmoja tu wa programu kuzimika na chaja zote kuwaka pamoja hulipiwa mwezi mzima. Kikomo cha 15,000 kinafaa bodaboda na kituo cha magari madogo. Kwa basi la umma ni adhabu ya kukua. Kukibadilisha kikomo hicho ni kazi ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, na tunaomba Hazina iende nayo meza moja, kwa sababu ruzuku ya ujenzi bila bei inayolingana nayo itazaa vituo visivyomudu bili zake.

Tuseme juu ya udongo, maana ndio unaoharibu kazi nyingi kuliko umeme wenyewe. Embakasi na sehemu kubwa ya Eastlands zimekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Msingi wa chaja ukimwagwa juu yake, msimu wa pili chaja inainama, kebo inavutwa pale inapoingilia chini, mpira wa kuzuia maji unaachia, na unyevu unapanda hadi kwenye miunganisho ya nyaya. Chaja inapima uvujaji wa umeme, inakataa kuwaka, na fundi anabadilisha kadi ya kompyuta wakati tatizo ni simiti. Udongo huo uchimbwe wote hadi tabaka gumu, au mita moja kwa uchache, ujazwe maramu na kushindiliwa kila sentimita 15. Chaja ikae sentimita 30 juu ya usawa wa yadi. Aliyeona mafuriko ya Aprili 2024 hahitaji kuelezwa zaidi. Kebo za volti 415 zilale sentimita 60 chini, za volti 11,000 sentimita 90, juu ya mchanga uliochekechwa, na utepe wa onyo katikati.

Kitu kimoja kinagharimu kidogo sana na kinasahaulika kila mara: mabomba matupu. Mtaro ukiwa wazi, laza mabomba mawili ya ziada ya milimita 150, tia kamba ya kuvutia ndani, ziba vichwa. Mabasi yakiongezeka, kebo inavutwa kwa siku moja. Bila mabomba hayo lami inapasuliwa upya, na yadi inafungwa wakati magari yanahitaji kulala.

Mengine tuyaguse upesi. Vichujio vya hewa vya chaja huziba kwa vumbi, chaja ikajipunguzia nguvu bila kumwambia mtu. Visafishwe kila mwezi, kila wiki mbili wakati wa kiangazi. Mkono wa chaja ukiachwa chini hukanyagwa na tairi, kwa hiyo uning'inizwe kwa springi. Waya wa ardhi upimwe kiangazi, udongo ukiwa mkavu, siyo baada ya mvua unapoonyesha uzuri usiokuwepo. Nyaya za shaba na mafuta ya transfoma huibwa. Transfoma iwe ndani ya chumba cha zege, na kebo ndefu ziwe za alumini.

Kwa hiyo tunapendekeza ruzuku iwe hivi. Kila kilicho kabla ya mita, yaani laini, transfoma na swichi zake, kilipwe chote na serikali, kwa kuwa kitakuwa sehemu ya gridi ya umma. Misingi, mitaro, mabomba na kebo ndani ya yadi zilipwe nusu, nusu nyingine itoke kwa mwombaji. Chaja asilipiwe, azikope. Mwombaji alete mambo manne: mkataba wa ardhi wa miaka 10 au zaidi uliosajiliwa, makadirio ya Kenya Power yaliyopimwa uwanjani, jedwali la mzigo la saa kwa saa, lenye muda wa kila basi kurudi na kutoka, na ripoti ya udongo. Asiye na jedwali hilo hajui anachoomba.

Malipo yawe kwa hatua. Asilimia 30 baada ya mkataba na makadirio, 50 baada ya majaribio chaja zote zikiwa na mzigo kamili usiku mmoja mfululizo, na 20 baada ya miezi 12, kituo kikionyesha kumbukumbu kwamba chaja zilikuwa tayari asilimia 97 ya saa za usiku. Sehemu hiyo ya mwisho msiiachilie mapema. Ndiyo inayomfanya mkandarasi aweke akiba ya feni, fyuzi na mikono ya chaja badala ya kungoja meli.

Masharti mawili hayana mjadala kwetu. Kituo kilichojengwa kwa fedha za umma kihudumie basi la sacco yoyote kwa bei iliyobandikwa langoni. Na chaja zake zitumie plagi ya CCS2 na itifaki huria ya OCPP, yaani lugha ambayo chaja huwasiliana nayo na programu ya kuziendesha, ili mwenye kampuni akifunga biashara chaja isigeuke sanduku la bati. Mabasi mengi kutoka China huja na plagi ya GB/T, ya kiwango cha China, isipoagizwa vingine. Ni mnunuzi anayepaswa kuandika hilo kwenye oda, na ruzuku ndiyo itakayomlazimisha.

Nchi nyingine zimetenganisha fungu la vituo na fungu la mabasi. Uingereza, katika mpango wake wa mabasi yasiyotoa moshi, ZEBRA, wa 2021, ilikubali kulipia hadi asilimia 75 ya miundombinu, ikihesabiwa mbali na basi. India, katika mpango wake wa mabasi ya umeme, PM-eBus Sewa, wa Agosti 2023, ilitenga fedha za depo na umeme wake kando na malipo ya kila kilomita. Sisi tunao Mfuko wa Mabadiliko ya Tabianchi ulioundwa na sheria ya 2016. Fungu la vituo linaweza kukaa humo bila kuundwa chombo kipya.

Mwito wa kwanza uwe mdogo: vituo vitano, kila kimoja mwishoni mwa ruti yenye mabasi ya kutosha, Embakasi, Kariobangi, Rongai, Kikuyu na Ngong. Makadirio ya Kenya Power huchukua muda, na transfoma huagizwa miezi kadhaa mapema, hivyo tangazo likitoka mwanzoni mwa mwaka wa fedha mitaro inaweza kuchimbwa Januari na Februari, udongo mweusi ukiwa mkavu, kabla ya mvua ndefu za Machi. Michoro ya kituo cha mabasi 20 tuliyoieleza hapa tuko tayari kuikabidhi kwa wataalamu wa wizara yako bila malipo.

Wako kwa heshima,

Wahandisi na mafundi wa vituo vya kuchajia mabasi, Nairobi

Nakala: Waziri wa Barabara na Uchukuzi, Waziri wa Kawi na Petroli, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA)