Reli za roshani Malindi huozea miguuni

Kwa Mhariri,

Nimeisoma barua ya msomaji wenu aliyesema kuwa reli za roshani zinazolegea huku Pwani ni dhambi ya mafundi wa jua kali, na kwamba dawa ni kaunti kutufungia karakana. Mimi ni mmoja wa hao jua kali. Nachomelea vyuma hapa Maweni, Malindi, na kinacholisha watoto wangu ni hizo hizo reli: za roshani, za ngazi, na za zile sebule za juu chini ya makuti ambazo siku hizi kila nyumba ya kukodisha ufuoni lazima iwe nazo. Ameiona kutu, hilo sibishi. Hakuuliza ilianzia wapi.

Reli haiozi pale unapoitazama. Sehemu ya kushika hupakwa rangi kila wageni wa Krismasi wanapokaribia. Unaoliwa ni mguu, pale nguzo inapozama kwenye zege au inapokaa juu ya bamba la boliti. Mimi nikishaondoka huja fundi wa vigae, akazungushia simiti mguuni na kuacha kishimo. Maji ya mvua na ya kupigia deki hutuama humo pamoja na chumvi, na bomba la mraba lenye unene wa milimita moja na nusu halina ubavu wa kushindana nayo. Kwa nje rangi inang'aa. Ndani chuma kimeshakuwa unga. Na nguzo ni mtaimbo: anayeegemea juu ndiye anayeng'oa chini. Marekani kanuni zao za ujenzi hutaka reli ihimili msukumo wa pauni 200, karibu kilo 90, popote pale juu yake. Huku kwetu mwenye nyumba huitikisa kwa vidole viwili siku ya kulipa, akasema iko sawa.

Kuna jambo ambalo wateja wangu hulibisha mpaka walione kwa macho. Reli iliyofichwa chini ya paa hushika kutu kuliko ile inayonyeshewa. Mvua huosha chumvi. Ile ya chini ya makuti hupigwa na upepo wa bahari miezi yote ya kusi, ikajaa chumvi, na hakuna wa kuiosha. Chumvi yetu si ya mchezo, jamani. Hapo juu Gongoni na Marereni watu wanaivuna kwa biashara. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Fundi, hapa weka chuma chepesi, hapanyeshi," huwa namjibu kwamba hapo ndipo pa kuweka kizito. Ndoo ya maji yasiyo na chumvi na kitambaa kila wiki ni rahisi kuliko rangi ya kila mwaka, ila kijakazi huambiwa afute vioo tu.

Msomaji wenu alipendekeza sote tuhamie stenlesi. Vizuri, lakini stenlesi gani? Muuza vyuma hutoa sumaku, akaigusisha kwenye bomba, ikateleza, mteja akashangilia. Sumaku haisemi lolote hapo. Kuna daraja la 201, kuna 304, kuna 316, na zote tatu sumaku huziacha au huzishika kidogo mno. Inayofaa kandokando ya bahari ni 316, kwa sababu ina molibdeni, kama asilimia 2 hadi 3, ambayo huizuia chumvi isitoboe chuma vitundu. Ile 304 ikikaa karibu na mawimbi huanza madoa ya rangi ya chai, na 201 sitaki hata kuizungumzia. Bei ni tofauti kabisa, na mwenye tamaa huuza moja kwa jina la nyingine. Tena hata 316 halisi unaweza kuiharibu kwa mkono wako: ukiikata kwa jiwe la grainda lililokwisha kukata chuma cha kawaida, vumbi la chuma hujichimbia juu yake, na baada ya muda mfupi mteja anakupigia simu kwamba stenlesi yake ina kutu. Hapo mwandishi yule angekuwa na haki ya kutulaumu. Karakana nyingi, jiwe ni lilo hilo moja kwa kazi zote.

Asiye na fedha za 316, namshauri chuma cha kawaida kilichochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa baada ya kazi yote ya kuchomelea kwisha. Reli inaundwa vipande vipande karakanani, mabomba yanaachiwa matundu ili yasilipuke humo kwenye zinki ya moto, kisha vipande vinakuja kufungwa kwa boliti. Wengi hufanya kinyume: hununua mabomba yaliyokwisha kupakwa zinki, wakayachomelea juu ya roshani. Moto huiunguza zinki pale pale kwenye kiungo, panapohitaji kinga kuliko kwingine. Na ule moshi mweupe humpa fundi homa na kutetemeka usiku. Vijana wangu huamini maziwa. Mimi nimewanunulia barakoa, maziwa wakanywe kwao.

Sasa niseme lililonikera zaidi. Mwenye nyumba mmoja alinijia na picha kwenye simu, reli ya vyuma vilivyolazwa toka nguzo hadi nguzo, akaitaka ghorofa ya tatu. Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni ngazi, mtoto ataipanda." Akanijibu, "Mimi sina watoto hapa, nyumba ni ya kupangisha." Nikamwambia kazi hiyo ampelekee mwingine, naye akampata, tena kwa bei ya chini yangu. Vyuma visimame wima, na nafasi kati yao isizidi milimita 100. Hicho ndicho kipimo cha Uingereza, na Marekani ni inchi 4, karibu sawa. Kichwa cha mtoto mchanga hakipiti hapo. Kimo kiwe mita 1.1, kipimwe juu ya vigae. Fundi huitwa zege likiwa tupu, akapima, akaondoka. Simiti na vigae vikija hula sentimita tano hata nane, na hakuna anayerudi na tepu.

Ndiyo maana naiomba kaunti, badala ya kufuli za karakana, imtume mkaguzi roshanini kabla nyumba haijapewa wapangaji. Apime kimo na nafasi, aichuchumalie miguu ya nguzo, aisukume kwa bega, na amwombe mwenye nyumba risiti ya chuma. Kazi ya nusu saa.

Msomaji wenu amemalizia kwa kusema turudi kwenye mbao kama Lamu. Nyumba za kale za Lamu zilikuwa na kuta juu ya dari, zilikuwa hazitegemei reli kiasi hiki. Na aliye Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, asinijie mimi kabla hajapita kwa watu wa uhifadhi, maana mji ule uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na uso wa nyumba hauguswi kwa matakwa ya mwenyewe tu. Ama mbao, zinashikwa na nini kama si boliti? Boliti nayo ni chuma, na huoza ndani ya mbao ambako haionekani. Anayezitaka nitamfungia, kwa boliti za 316 zinazopenya mpaka upande wa pili, zenye washa pana na nati. Kwa skrubu sifungi.

Fundi wa vyuma,
Maweni, Malindi