Bibi aliilaza picha kifudifudi, mume wangu anataka kurudi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni Mluguru wa Matombo, nimeolewa huku Arizona, Marekani, na tuna watoto wawili. Mama mkwe wangu, ambaye sikumkuta, alichukuliwa kwao mchanga mwaka 1961 akalelewa na Wazungu kule Utah. Walimwambia tu kwamba asili yake ni Wanavajo, kabila mojawapo la wenyeji asilia wa Marekani. Enzi hizo watoto wengi wa wenyeji asilia waligawiwa hivyo, hadi sheria ya 1978 ilipoyapa makabila yao sauti juu ya nani awalee watoto hao. Cheti chake cha kuzaliwa kina majina ya waliomlea, na jalada la mahakama la kuasiliwa kwake limefungwa, haturuhusiwi kulisoma.

Tangu mama yake afariki, mume wangu halali. Amepekua orodha za sensa za serikali za wenyeji asilia za 1885 hadi 1940 akitafuta babu na bibi, lakini makarani waliandika majina kama walivyoyasikia. Akapima DNA. Kipimo hakikutaja kabila wala ukoo, ila kilimpatia ndugu wa mbali, naye akatupeleka kwa bibi mmoja karibu na Chinle, mji wa Wanavajo huku Arizona.

Bibi hakuuliza jina wala kazi. Aliuliza, mjukuu wake akitafsiri: koo zako nne ni zipi? Kwao mtu hujitambulisha kwa ukoo wa mama, kisha wa baba, wa babu mzaa mama na wa babu mzaa baba. Mume wangu akainama. Akatoa picha ya mama yake. Bibi aliishika kwa mikono miwili, akaitazama sana, akailaza kifudifudi mezani, kisha akatupakulia supu ya kondoo. Hakuizungumzia tena. Mjukuu alipotusindikiza garini akatueleza kuwa wazee wengi hawapendi kumtaja marehemu.

Sasa mume wangu anataka kurudi mwezi ujao na karatasi zake zote na kinasa sauti. Anasema bibi ni mzee sana, akiondoka ameondoka na kila kitu. Tena taifa lao huandikisha mwenye angalau robo ya damu. Mama akithibitika kuwa Mnavajo kwa wazazi wote wawili, watoto wetu wanafika robo hiyo. Nikamwambia asimbane mzee wa watu. Akanijibu, "Wewe unajua ukoo wako, ndiyo maana huna haraka."

Yalinichoma, Shangazi, maana ni kweli. Waluguru nasi ukoo hufuata mama, kwa hiyo wanangu wana kwao hata baba yao asipopata jibu. Yeye ndiye asiye na pa kujitaja.

Nimzuie, au twende wote? Na tukienda, nani aanze kusema? Kwetu ningemtuma mjomba, lakini yeye mjomba hamjui. Nimewaza kumpigia yule mjukuu kwanza, atuulizie kama bibi yuko tayari. Ila mume wangu akigundua nimempita kwa nyuma katika jambo hili, nitamweleza nini?

Mama wa Watoto Wawili,
Phoenix