Shosti, mimba isubiri kwanza

Shosti wangu,

Ripoti ya siti skani nimeisoma, na nimeona bora nikuandikie maana kwenye simu ungenikatisha. Umesema hako kauvimbe ka mshipa wa bandama (anyurizimu) ka sentimita 2 ni kadogo, hakaumi, so ubebe mimba kwanza alafu ndo ukashughulikie. Hapana jamani, hapo nakuomba unisikilize.

Hiyo anyurizimu iko kwenye mshipa unaopeleka damu kwenye bandama, ukuta wake umelegea ukatuna kama tairi lililotoa nundu. Ni ugonjwa wa nadra ila kwa mishipa ya ini, utumbo na bandama, huu wa bandama ndo unaoongoza, na wanawake tunaupata kuliko wanaume. Wengi wanakutwa nao wakipigwa picha ya kitu kingine, kama wewe na mawe yako ya figo. Angekuwa bibi wa miaka 70 asiye na dalili wangemwangalia tu kwa picha mpaka ifike sentimita 3, lakini miongozo ya madaktari wa mishipa Marekani ya 2020 inasema mwanamke anayeweza kuzaa atibiwe hata ikiwa ndogo vipi, sababu mimba inaongeza damu mwilini na homoni zinalegeza kuta za mishipa, na ikipasuka ukiwa mjamzito, hasa miezi ya mwisho, mama wengi wanakufa na mtoto kupona ni bahati.

Na tiba yenyewe sio lazima upasuliwe tumbo. Wanaingilia kinenani, wanapitisha katheta (mrija mwembamba) ndani ya mshipa mpaka pale, wanajaza koili (visokoto vya waya) ndogo ndogo damu isipite tena, au wanaweka stenti yenye kava, yaani kibomba kilichofunikwa kinachokaa ndani ya mshipa. Bandama haifi yote maana inapata damu nyingine kwenye vimishipa vinavyotoka kwenye mfuko wa chakula. Unaweza ukapata homa na maumivu ubavu wa kushoto siku chache. Ulizia na chanjo ya nimonia kabla, maana bandama ndo inasaidia mwili kupambana na vijidudu. Muhimbili wanafanya hizi tiba za katheta, omba rufaa wiki hii hii.

Na ukisikia maumivu makali ya ghafla juu kushoto na kizunguzungu, kimbia hospitali hata kama yametulia, maana damu ya kwanza inaweza kujikusanya nyuma ya mfuko wa chakula, ukajiona umepona, kumbe baada ya masaa inafumuka upya na hapo ndo balaa.

Shemeji mwambie nitampigia jioni, nimweleze mwenyewe.