Tuoneshwe na kazi ya mikono yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonisumbua. Kila habari za mji wetu wa Bagamoyo zinapoandikwa, picha huwa ni ya mnyororo wa watumwa. Wanafunzi wakiletwa makumbusho ya Misheni wanaoneshwa pingu, wanaduwaa, wanaondoka. Pingu ni kazi ya aliyefunga. Aliyefungwa naye alikuwa na mikono, na kazi ya mikono hiyo hatuulizi iko wapi.

Mimi ni mshona kofia wa hapa Dunda. Kilichonisukuma kuandika ni kadi moja ndogo iliyopo Montreal, Kanada, katika makumbusho ya maangamizi ya Wayahudi. Ina umbo la moyo, inaenea kiganjani. Gamba lake limevikwa kitambaa cha zambarau na kutariziwa herufi F kwa uzi wa rangi ya chungwa. Ilitengenezwa Desemba 1944 ndani ya Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi wa Ujerumani huko Polandi. Aliyeitengeneza ni binti mfungwa aitwaye Zlatka, akimtunuku mwenzake Fania aliyetimiza miaka 20. Wote wawili walikuwa wakifanyishwa kazi kwa nguvu katika kiwanda cha silaha.

Anayeshona ataelewa kilichonishika hapo. Sindano, uzi wa rangi, mkasi, karatasi: kambini vitu hivyo unavitoa wapi? Gundi yenyewe ni mkate uliolowekwa maji, na mkate ndio uliokuwa uhai wao. Tena ulikuwa wakati wa hatari kubwa. Baruti iliyotoroshwa kutoka kiwanda hicho hicho ilitumika katika uasi wa wafungwa wa Oktoba 7, 1944, na Januari iliyofuata wanawake wanne walinyongwa kwa ajili yake. Katikati ya hayo, wasichana walikaa wakapitishiana kadi kwa siri, kila mmoja akaandika jina lake na dua yake, huyu kwa Kipolandi, yule kwa Kifaransa. Mmoja alimtakia uhuru. Fania aliificha hata walipotolewa kambini kwa miguu kwenye baridi kali, na mwaka 1988 akaikabidhi makumbusho.

Sisemi yaliyowapata Wayahudi na ya utumwa wa pwani ni mamoja. Wale waliuawa takriban milioni 6 kwa azma ya kuwamaliza kabisa. Ninalosema ni kwamba kwa kadi ile nimewajua watu kwa majina, na mbele ya mnyororo sijapata kumjua mtu hata mmoja.

Nyumbani kwetu ipo mbuzi ya kukunia nazi iliyochongwa na babu yake mama, aliyeletwa pwani kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, akiwa mtoto. Chini ya kikalio amechora mistari mitatu na duara, na hakuna aliyemuuliza maana yake. Kwa miaka mingi tuliificha asili ya chombo hicho kwa kuogopa kuitwa wajukuu wa watwana. Najua hatuko peke yetu. Zipo nyumba hapa zenye mikeka, miiko na vinu vya namna hiyo, na wazee wanaojua vilitengenezwa na nani wanatutoka.

Naomba walimu wetu wa historia wawatume wanafunzi majumbani wakavipige picha na kuandika majina, na gazeti lako litenge ukurasa wa kuvichapisha. Mbuzi yetu iwe ya kwanza. Jina la aliyeichonga ni Feruzi.

Mshona kofia,
Dunda, Bagamoyo