Bia kali ya Ubelgiji haipimwi kwa barafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie namna bia kali za Ubelgiji zinavyoandaliwa mezani hapa Tanga. Jumamosi iliyopita, katika hoteli moja ya upande wa Raskazone, wenzangu wawili waliagiza Duvel, wakaletewa chupa zilizoshika barafu shingoni pamoja na bilauri nyembamba zilizotoka kwenye friza, na baada ya mafunda mawili wakahukumu kwamba haina ladha ila ukali. Sikuwalaumu, kwani bia iliyogandishwa hivyo haina njia ya kujitetea.

Bia za aina hii huchachuka katika joto kubwa kuliko lager tulizozizoea, na chachu yake ndiyo izaayo harufu za matunda mabivu, pilipili manga na, katika baadhi yake, karafuu, ijapokuwa mtengenezaji hakutia hata chembe ya karafuu. Ubaridi mkali huziua harufu hizo. Nyuzi 8 hadi 12 zinatosha, na kwa joto letu la pwani chupa iliyotolewa kwenye friji hufika hapo ikikaa mezani kama robo saa. Imiminwe polepole katika bilauri yenye tumbo pana na mdomo uliobana, kwa kuwa huchachuka mara ya pili ndani ya chupa na povu lake ni jingi, na mashapo yaachwe chini. Kisha mtu anuse kabla ya kuonja, kama wafanyavyo wanywaji wa mnazi wa Pangani, ambao hawahitaji kufundishwa jambo hili na yeyote.

Jambo linalowapoteza wengi ni kilevi. Duvel ina asilimia 8.5, hivyo chupa ndogo ya mililita 330 inabeba kilevi kupita nusu lita ya bia ya asilimia 5, lakini mdomoni ni nyepesi, kwa sababu sukari inayoongezwa wakati wa kuipika hugeuka karibu yote kuwa kilevi bila kuacha uzito. Mimi huihesabu kuwa nzuri ile inayoficha nguvu zake, na nikikuta harufu ya karatasi iliyolowa najua kuwa imezeeka au imehifadhiwa kwenye joto. (Mwenzangu mmoja aliiita bia ya watawa, sivyo. Ya watawa ni kama Westmalle, inayotengenezwa katika abasia ya Watrapisti, shirika lile lililowahi kufungua misheni Gare, Lushoto.)

Wahudumu wetu wana desturi njema ya kuuliza kama mteja anataka ya moto au ya baridi. Kwa bia hii naomba waongeze jibu la tatu, lililo katikati. Siku ile bili ilipoletwa, yule aliyeacha nusu bilauri aliinusa tena, akauliza ni nani aliyetia mapeasi ya Lushoto humo.

Wako,
Msomaji wa Chumbageni, Tanga