Gari lako la turbo linaenda dragi: tunakagua nini kwanza?

Msimu wa mbio ukikaribia, ombi tunalolisikia zaidi gerejini ni hili: "Fundi, niongezee busti kidogo, wikiendi naenda dragi." Busti ni presha ya hewa ambayo turbo inaishindilia kwenye injini, na dragi ni mbio fupi za mstari ulionyooka. Jibu letu huwa hapana, angalau si kabla gari halijapanda jeki. Gari la mtaani ambalo tayari lina turbo kubwa kuliko ya kiwandani, nozeli kubwa na kompyuta iliyochuniwa (iliyopangwa upya ili itoe nguvu zaidi), kwa kawaida lina nguvu kuliko tairi zake zinavyoweza kuishika lami. Siku ya mbio linaangushwa na joto, mafuta kutofika, klipu za mipira ya hewa kulegea na tairi kuteleza. Busti ya ziada inayachochea yote manne.

Kwanza elewa tofauti ya kazi. Barabarani hukanyagi mafuta mpaka chini kwa zaidi ya sekunde chache. Kwenye daino, yaani mashine ya kupimia nguvu, gari hupimwa kwa gia moja, feni kubwa ikilipulizia mbele, kisha linapumzishwa. Dragi ni mita 402, yaani robo maili (viwanja vingine nusu yake), kuanzia gari limesimama tuli hadi gia ya nne, tena baada ya kukaa kwenye foleni boneti likiwa limefungia joto lote ndani. Hewa inayoshindiliwa na turbo hutoka na joto linaloweza kupita nyuzi 100 za Selsiasi. Kazi ya kuipoza ni ya rejeta ya hewa iliyo mbele ya gari, lakini rejeta hiyo ikishiba joto kwenye foleni haina tena la kufanya. Hewa ya moto ina oksijeni kidogo, na baya zaidi, inayafanya mafuta yalipuke yenyewe ndani ya silinda kabla moto wa plagi haujamaliza kuenea. Milipuko hiyo ndiyo inayokata kingo za pistoni na kuvunja ringi.

Kompyuta yenye akili huisikia milipuko hiyo kupitia sensa ya noki, ikarudisha nyuma taimingi, yaani wakati wa kuwasha cheche. Ndiyo maana raundi ya tatu ya mchana huwa nzito kuliko ya kwanza, na mwenye gari anadhani turbo imechoka. Haijachoka, gari linajilinda. Tatizo ni magari yaliyochuniwa na mtu aliyezima sensa hiyo ili asisumbuliwe na taa ya injini. Tukilikuta la namna hiyo, tunairudisha sensa kazini kwanza, mengine baadaye. Kwenye hili hatubembelezani na mteja.

Baada ya hapo tunageukia mafuta, na huku ndiko tunakokaa muda mrefu zaidi. Petroli na hewa vinaungua bila kubakiza kitu kwa uwiano wa 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, kwa uzito. Turbo inaposukuma kwa nguvu hatuutaki uwiano huo. Tunataka mafuta yazidi, kati ya 11 na 12 hivi, kwa sababu mafuta ya ziada yanapoza chumba cha moto. Tunafunga kipimo kwenye eksozi, tunaendesha, halafu tunasoma rekodi. Gia ya pili haituambii kitu, karibu kila gari huonekana zima kwenye gia ya pili. Tunatazama mwisho wa gia ya tatu na ya nne. Namba ikianza 11.5 kisha ikapanda taratibu kuelekea 12.5 na zaidi kadiri mizunguko ya injini inavyopanda, pampu inaishiwa pumzi au filta imeziba. Busti ikiongezwa juu ya hali hiyo, pistoni itatoboka, na itatobokea mita 50 kabla ya mstari wa mwisho, mahali ambapo hakuna dereva anayeachia mafuta.

Waliohamia kwenye E85, yaani mafuta ambayo sehemu yake kubwa ni ethanoli, waangalie zaidi. Mafuta hayo yanavumilia joto na busti vizuri sana, lakini injini inayahitaji kwa wingi unaozidi petroli kwa takriban asilimia 30. Pampu iliyotosha jana haitoshi leo. Na jambo dogo ambalo watu hulidharau: usiende na tangi linalokaribia kukauka eti gari liwe jepesi. Gari likiondoka kwa nguvu, mafuta yote hukimbilia nyuma ya tangi na pampu inaweza kuvuta hewa kwa sekunde moja. Sekunde moja kama hiyo, turbo ikiwa imejaa, inatosha kuharibu injini. Robo tangi au zaidi kidogo inatosha.

Plagi hazitaki maneno mengi. Presha kubwa ndani ya silinda inaizima cheche kama upepo unavyozima kibiriti, na gari linaanza kumisi kwenye mizunguko ya juu. Kwa injini nyingi za turbo zilizoongezewa busti tunapunguza mwanya wa plagi hadi milimita 0.6 au 0.7, na tunachagua plagi inayopoa haraka kwa hatua moja kuliko ya kiwandani. Gari likimisi, anza hapo kabla hujanunua koili mpya.

Mipira ya hewa, yaani ile inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye rejeta na kurudi kwenye injini, tunaifungua yote. Ndani huwa na utando wa oili, na mpira wenye oili huteleza kwenye bomba hata klipu ikikazwa vipi. Tunaosha, tunakausha, tunakaza upya. Ukiwa njiani gari likapiga kelele ya "puu", likatoa moshi mweusi na kuzimika, usikimbilie kulia kwamba injini imekufa. Mara nyingi ni mpira umechomoka: sensa ya hewa imeshahesabu hewa ambayo haikufika, kompyuta imemwaga mafuta ya kuitosha hewa hiyo, injini imezama. Beba bisibisi na klipu mbili za akiba.

Chini ya gari tunatafuta uvujaji wowote. Tone la oili au kulanti (dawa ya kupozea injini) kwenye njia ya mbio ni hatari kwa dereva anayekufuata, na waandaaji watakurudisha nyumbani wakiliona. Viwanja vingi haviruhusu kulanti kabisa, vinataka maji matupu kwenye rejeta, kwa kuwa kulanti ikimwagika inateleza na ni ngumu kusafishwa. Vingi pia vinataka chupa ya kupokea maji yanayofurika. Betri ifungwe kwa chuma, isifungwe kwa kamba. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo, zote ziwepo. Buti likaguliwe: jeki, spika iliyolegea, spana, chupa za maji, vyote vitoke. Kapeti la miguuni la dereva nalo litoke, lisije likanasa chini ya pedali.

Kuna jambo moja ambalo hata wazoefu hulisahau: zima kiyoyozi mapema, kabla hujafika kwenye foleni. Kiyoyozi kinadondosha maji chini ya gari, na ukisimama kwenye mstari wa kuondokea unajimwagia maji mahali pale pale tairi zako zinapohitaji kushika.

Tukifika kwenye tairi, hapa ndipo pesa yako inapozaa kuliko mahali pengine pote. Kwa gari la turbo la mtaani tungechagua tairi laini za dragi zenye kibali cha barabarani kabla ya turbo kubwa zaidi, bila kufikiri mara mbili. Tairi hizo hukimbizwa kwa upepo mdogo, nyingi kati ya PSI 16 na 20 kutegemea uzito wa gari. Tairi la kawaida usilishushe hivyo: punguza kidogo tu, kwa mfano kutoka 32 hadi 28, la sivyo kuta zake zinalegea na gari linayumba ukiwa kwenye mwendo mkubwa. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele linapunguziwa upepo mbele na kujazwa nyuma.

Kwenye sehemu yenye maji ya kuchomea tairi, yaani kuzizungusha papo hapo ili zipate joto, mwenye tairi za kawaida apite pembeni. Mifereji ya tairi hubeba maji mpaka kwenye mstari, na kazi yote inakuwa bure. Zungusha tairi kidogo pakavu ili zisafike, basi. Mwenye gari linalosukuma magurudumu yote manne asijaribu kuchoma tairi kabisa. Ataumiza klachi, giaboksi na difu kwa ajili ya moshi wa kupigia picha.

Kuondoka kwenyewe ni ufundi wa mguu. Taa tatu za njano huwaka moja baada ya nyingine, kila baada ya nusu sekunde, kisha kijani. Turbo inahitaji kuwa na presha kabla hujaachia, na hapo kuna njia mbili. Gari la otomatiki unakanyaga breki kwa mguu wa kushoto huku ukipandisha mafuta taratibu. La manyuo lenye lonchi kontroli linashikilia mizunguko mahali pamoja kwa kukata cheche na kuchelewesha taimingi, mafuta yanaungulia kwenye eksozi na kuizungusha turbo. Inasikika vizuri, watu wanapiga makofi. Lakini moto huo unapita kwenye valvu na kwenye gurudumu la turbo, kwa hiyo sekunde mbili au tatu zinatosha. Anayekaa kwenye kikomo akisubiri mpinzani wake ajipange anaipika turbo yake mwenyewe. Raundi ya kwanza ondoka kwa mizunguko ya chini kuliko unavyotamani, uone tairi zinasemaje, ndipo upandishe.

Ukimaliza utapewa karatasi ya muda, na hiyo ndiyo tunayotaka uturudishie. Wengi wanatazama namba moja tu, sekunde za jumla. Sisi tunatazama mbili: muda wa futi 60 za kwanza (mita 18) na kasi ya mwishoni. Kasi ya mwishoni inasema nguvu, futi 60 zinasema mshiko. Chukua gari lenye kilo 1,500 pamoja na dereva, linalomaliza robo maili likiwa kwenye kilomita 180 kwa saa. Kwa hesabu inayotumika sana kwenye mchezo huu, ambayo inalinganisha kasi hiyo na uzito, injini ina takriban hospawa 360, na nguvu hizo zilistahili kulipeleka gari kwa sekunde 12.2 hivi. Karatasi ikionyesha 13.6, nguvu ipo; umeipoteza mwanzoni. Kupunguza sehemu ya kumi ya sekunde kwenye futi 60 mara nyingi hukurudishia karibu mara mbili yake mwishoni. Hakuna busti inayotoa faida hiyo kwa gharama ya kupima upepo wa tairi. Muda wako wa kuitikia taa, kwa taarifa tu, hauingii kwenye sekunde za gari: saa huanza gari linapotoka mstarini.

Kati ya raundi, fungua boneti, acha injini izunguke polepole dakika moja au mbili ili oili ipoze beringi za turbo, kisha zima. Barafu juu ya rejeta ya hewa inasaidia, mradi maji yake yasidondoke ukiwa mstarini. Usirudi kwenye foleni kwa sababu rafiki yako amerudi.

Kanuni za usalama uliza mapema kwa waandaaji wako. Viwanja vingi duniani vinafuata au kuiga kanuni za NHRA, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1951. Humo, gari linalokimbia robo maili kwa sekunde 13.99 au chini linadai helmeti yenye alama ya usalama ya Snell au SFI. Gari la zamani likifika 11.49 linadai upau wa chuma wa kumlinda dereva likipinduka. Magari ya kiwandani ya kuanzia 2008 yamelegezewa kiwango hicho. Vaa suruali ndefu, shati lenye mikono na viatu vilivyofunika miguu. Kaptula na ndala zitakurudisha getini.

Ukitaka tukukagulie gari, lilete siku kadhaa kabla, si jioni ya kuamkia mbio, maana tukikuta pampu imechoka tutahitaji muda wa kuipata. Njoo na tairi utakazotumia na mafuta utakayotumia, kwa kuwa rekodi ya mafuta mengine haitusaidii. Na kama kompyuta ya gari imefungwa kwa nywila na fundi aliyeichuni, mtafute akupe kabla hujaja. Bila hiyo tutakagua vyuma tu.